SOMO LA WANACHAMA: Zana Nyepesi za Kuchukua Katika Safari Ndefu ya Baiskeli

Ndugu Wanachama,

Katika somo lililopita tulizungumza juu ya kuanika karafuu. Leo nataka tuzungumze juu ya baiskeli. Najua wako watakaosema kuwa baiskeli si kazi ya gazeti la wakulima. Lakini wengi wetu bado twategemea baiskeli kwenda shamba, kufikisha gunia la karafuu kituoni, na kuwatembelea jamaa walio mbali. Mwenye kukwama njiani na karafuu kavu huku mvua inakuja, anajua khasara yake. Mimi nimekwama njiani kwa jambo kubwa kuliko karafuu, na ndilo lililonifanya niandike somo hili.

Mwaka jana tulikuwa watatu tuliovuka bahari na baiskeli zetu kwenda Mkoa wa Pwani. Kutoka Dar es Salaam tulishika barabara ya Morogoro mpaka Kibaha, mwendo wa kilomita kama 40. Tulitaka kuuona mji ule na Shirika la Elimu Kibaha, lililoanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden, nazo zikalikabidhi kwa Serikali ya Tanzania mwaka 1970. Baada ya hapo tulikuwa na nia ya kwenda kidogo kidogo mpaka wilaya ya Kisarawe, kwa kupita Mlandizi, Mzenga na Maneromango. Maneromango alikuwako mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, ambaye nilikuwa sijamwona miaka mingi.

Tulilala Mlandizi. Alfajiri simu ikalia: mjomba amefariki usiku, na maziko ni baada ya sala ya Adhuhuri. Tuliondoka baada ya kusali Alfajiri. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha na njia ya udongo ilikuwa nzito.

Tulipokwisha pita Mzenga, gurudumu langu la nyuma lilivutika upande mmoja, likawa linasugua fremu. Nati ya ekseli ilikuwa imelegea. Hilo ni jambo dogo. Hulirudisha gurudumu katikati, ukakaza nati, ukaendelea. Nikafungua mfuko wangu wa zana, niliouona mimi kuwa ni fahari ya safari. Ndani mlikuwa na nyundo, patasi, plaizi kubwa, bisibisi tatu, soketi za gari, na spana saba mpya ziking'aa. Mfuko mzima ulikuwa na uzito wa kilo 3 na zaidi. Nikajaribu spana ya namba 14, haikuingia. Nikajaribu iliyofuata, namba 17, ikazunguka bure. Nati yangu ilikuwa namba 15, na namba 15 haikuwamo. Nikachukua plaizi, nikaibana nati kwa nguvu zangu zote. Plaizi ikateleza, ikala pembe za nati mpaka ikakaribia kuwa duara.

Mzee mmoja tuliyekuwa naye, mkulima wa siku nyingi, alitoa kopo lake dogo la zana. Lakini baiskeli yake ni ya Kiingereza ya zamani, yenye nati za kipimo cha inchi, na yangu ni ya Kichina, yenye nati za milimita. Spana yake nayo haikunifaa. Pikipiki ya kwanza iliyopita ilikwisha pakia abiria wawili. Tukahangaika pale zaidi ya saa moja. Mwisho yule mzee akaniambia, "Katibu, maiti hangojei nati. Chukua baiskeli yangu, utangulie. Sisi tutakokota yako mpaka tupate fundi."

Nilitangulia. Nilipofika Maneromango, watu walikuwa wakirudi kutoka makaburini, na wenye majembe walikuwa wakinawa mikono. Niliomba dua kaburini peke yangu. Ile saa moja niliyoipoteza ndiyo niliyochelewa kwayo.

Ndugu zangu, simlaumu aliyeniuzia zile spana. Hakuniambia kuwa ni za baiskeli, wala mimi sikumwuliza. Kosa ni langu: nilinunua zana kwa macho, nikazibeba kwa kilo, na siku hata moja sikuzijaribu katika baiskeli yangu. Basi haya ndiyo niliyojifunza tangu siku ile.

1. Anza na baiskeli, usianze na duka

Egesha baiskeli yako uani. Anza gurudumu la mbele, uje usukani, breki, kiti, mikono ya pedeli, keria, na umalizie gurudumu la nyuma. Kila nati utakayoigusa, tafuta spana inayoikamata barabara, bila ya kucheza. Andika namba yake. Ukimaliza utaona kuwa baiskeli nzima ina vipimo vichache tu. Katika baiskeli yangu, nati za ekseli ni namba 15 nyuma na 14 mbele, na sehemu kubwa ya nati ndogo za breki, madigadi na keria ni namba 10. Yako huenda ikawa mbali na yangu. Usiniige, pima mwenyewe.

Angalieni jambo hili: spana zinazouzwa kwa seti nyingi hupangwa kwa ajili ya magari, na mara nyingi huruka kutoka 14 kwenda 17. Namba 15, ambayo ndiyo nati ya gurudumu katika baiskeli nyingi, haimo. Na mwenye baiskeli ya Kiingereza ya zamani ajue kuwa spana ya milimita inayokaribia kuingia ndiyo adui wa nati yake. Itaingia leo na kesho itakula pembe.

Ukimaliza mzunguko huo una kanuni mbili. Kila nati inayoweza kulegea njiani lazima iwe na zana yake. Na kila zana isiyokuwa na nati yake katika baiskeli, ibaki nyumbani.

2. Fikiri ni kitu gani huharibika njiani

Safari haikutaki ubebe karakana. Mambo yanayomkwamisha msafiri ni machache: pancha, kijimpira cha vali kuoza, nati kulegea, mnyororo kukatika, tairi kupasuka ubavuni, na njiti ya gurudumu kuvunjika. Mengine, kama ekseli kukatika au fremu kupasuka, hata ukibeba kilo kumi hutayamaliza chini ya mwembe. Hayo ni ya fundi.

Kwa pancha, chukua viraka, kipande cha msasa, gundi, na vyuma viwili vya kutolea tairi. Gundi ni ya kuangaliwa sana. Ikisha kufunguliwa, hukauka ndani ya bomba lake hata kama umefunga kifuniko. Kabla ya safari ibonyeze. Ikiwa haitoki, nunua mpya. Wengi wetu hutoa tairi kwa mkia wa kijiko cha jikoni. Kijiko hupinda, na ncha yake hubana mpira wa ndani ukautoboa mara ya pili. Vile vya plastiki ngumu ni vyepesi sana na havitoboi kwa urahisi, ila kwa tairi ngumu la inchi 28 chagua vilivyo vinene.

Kijimpira cha vali hakina uzito hata wa kupimika. Ikiwa vali zako ni za aina ile ya zamani yenye kijimpira ndani, chukua vinne. Mtu hufikiri ana pancha, akavua tairi zima, kumbe kijimpira kimepasuka.

Kwa mnyororo, baiskeli zetu zisizo na gia zina kiungo kimoja chenye kibanio, kinachofunguka kwa plaizi ndogo au ncha ya bisibisi. Basi huna haja ya kile chombo cha kukatia mnyororo. Chukua kiungo kimoja cha akiba cha saizi ya mnyororo wako, kifunge kwa uzi.

Kwa tairi lililopasuka, kipande cha tairi kuukuu urefu wa kiganja kikiwekwa ndani kitakufikisha. Njiti iliyovunjika ifunge kwa jirani yake, uende polepole.

3. Usibebe kile ambacho njia itakupa

Mimi nilibeba nyundo kutoka kisiwani mpaka Mzenga. Kwa kazi gani? Pini ya mkono wa pedeli ikilegea, huigonga kwa jiwe, baada ya kuweka kipande cha mti juu yake, kisha ukakaza nati yake. Mawe na miti iko kila mahali. Maji ya kutafutia tundu la pancha yako katika dimbwi. Pasipo na dimbwi, pitisha mpira karibu na mdomo, utausikia upepo.

Katika njia za Pwani tulikutana na wabeba mkaa, kila mmoja na magunia yake juu ya baiskeli, wakisukuma penye vilima. Niliangalia wanabeba zana gani. Mmoja alikuwa na spana moja tu na vipande virefu vya mpira wa ndani kuukuu alivyovizungushia kwenye fremu. Kwa mpira ule hufunga mzigo, hufunga keria iliyovunjika, na hufunga tairi lililopasuka. Mpira huo hauna bei wala uzito. Nami sasa ninao katika fremu yangu.

4. Wepesi una mpaka wake

Asije mtu akafahamu kuwa kilicho chepesi ndicho bora siku zote. Spana ni mkono wa kuongeza nguvu. Ukiukata mkono kwa nusu, nguvu inayofika kwenye nati huwa nusu. Nati ya gurudumu la nyuma ndiyo inayozuia gurudumu lisivutwe mbele na mnyororo kila ukanyagapo pedeli. Kispana kifupi kama kidole hakiwezi kuikaza inavyotakiwa. Kwa nati hiyo chukua spana kamili ya namba yake, yenye urefu usiopungua shubiri. Kwa nati ndogo, kifupi chatosha, na kirefu huweza hata kuikata.

Iko spana moja bapa yenye matundu mengi, umbo lake kama mfupa, inayopendwa kwa kuwa ina namba nyingi mahali pamoja. Angalia chuma chake. Zilizo rahisi ni za chuma laini. Matundu hutanuka na nati huliwa. Halafu vichwa vyake ni vinene, havipenyi penye nafasi ndogo. Spana ya kurekebisha (mafundi wana jina lao, silipendi kuliandika hapa) ya inchi 6 ina uzito wa gramu kama 130, na ya inchi 12 yaweza kufika mara tano ya hizo. Ya inchi 6 inafaa kuwa akiba, khasa mkisafiri na baiskeli za aina mbalimbali. Kama ningekuwa nayo siku ile, nisingeandika somo hili.

5. Pima kwa mizani

Sisi ni wakulima wa karafuu, mizani twaijua. Nilizipeleka zana zangu katika mizani ya duka. Sasa nabeba hivi, kwa gramu za kukadiria:

Spana ya 14 na 15: gramu 90
Spana ndogo ya 10: gramu 40
Spana ya kurekebisha, inchi 6: gramu 130
Bisibisi ndogo: gramu 50
Plaizi ndogo: gramu 120
Vitolea tairi viwili: gramu 30
Viraka, msasa, gundi, vijimpira, kiungo cha mnyororo: gramu 50
Mpira wa ndani wa akiba: gramu 220
Pampu ndogo: gramu 170

Jumla ni gramu 900. Nilipoanza nilikuwa na zaidi ya mara tatu ya hizo, wala sikuweza kukaza nati moja.

Mkisafiri wengi, pampu moja na plaizi moja zatosha, alimradi vali zenu ni za aina moja. Lakini spana za magurudumu kila mtu awe na zake. Sisi watatu tuliwekeana tumaini bila ya kuulizana.

6. Kuzihifadhi

Zifunge katika kitambaa kikavu, zisigongane, na uzitie chini ya kiti au ndani ya fremu. Usizitie mfukoni, ukianguka zitakuumiza. Hewa yetu ya bahari ina chumvi, na chombo kikilowa kinashika kutu upesi. Baada ya kuvuka, zipanguse na uzipake mafuta ya cherehani kidogo. 

Mazoezi

Kabla ya mkutano ujao, kila mwenye baiskeli afanye haya: (a) Azunguke baiskeli yake na aandike vipimo vya nati zake zote. (b) Avue gurudumu la nyuma na kulirudisha kwa zana zile tu atakazosafiri nazo, bila ya kuazima. (c) Apime mfuko wake kwa mizani. Tutakutana uani kwa Chama, kila mtu na baiskeli yake, na yule mzee aliyeniazima baiskeli yake amekubali kuwa mwalimu. Anayeona haya kuja kwa kuwa hajui, akumbuke kuwa Katibu wenu alikuwa hajui, na aliyekuja kujua baadaye alichelewa.

Naomba mumwombee mjomba wangu maghufira.

Wabillahi tawfiq,
Katibu wa Chama