SOMO LA WIKI: Ramani ya bure ndani ya programu ya kuuza

Mfanyabiashara anayetaka kutengeneza na kuuza programu ya kompyuta ya kuelekeza magari ya mizigo hukutana mapema na suala la ramani. Ramani za makampuni makubwa hulipiwa. Isiyolipiwa ni OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, ambayo yeyote anaweza kuichangia na kuchukua faili zake. Kwa Dar es Salaam faili hizo si haba. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora barabara, mifereji na nyumba za maeneo yanayokumbwa na mafuriko, na kazi yao ikaingizwa humo.

Wengi huogopa kwamba ukitia data za bure katika programu yako, utalazimika kuitoa na programu yenyewe. Hofu hiyo imetokana na leseni za programu kama GPL, ambazo humbana anayechanganya maandishi ya programu ya wengine na yake kisha akaisambaza. Ramani hii haiko huko. Tangu Septemba 12, 2012 inatumia leseni ya ODbL, iliyotungwa kwa ajili ya kanzidata, nayo haigusi programu inayozisoma data hizo. Unaweza kuifunga programu yako, ukaiuza kwa bei utakayo, wala usimwonyeshe mtu ilivyoandikwa.

Deni liko upande wa data. La kwanza ni dogo: kutaja, mahali panapoonekana, kwamba data ni za wachangiaji wa OpenStreetMap, na leseni yake. Ni mstari mmoja tu, na bado husahauliwa. Hata Apple, ilipotoa iPhoto ya simu mwaka 2012, haikutaja chanzo hicho mpaka ilipolalamikiwa.

Deni la pili ndilo la kuangalia sana. Ukiibadili kanzidata yenyewe kisha ukaitoa kwa watu, hapana budi wanaoipokea wapate kanzidata hiyo iliyobadilishwa, au faili ya mabadiliko, kwa leseni ileile. Ukiitumia ndani ya ofisi yako tu, hudaiwi kitu.

Tuseme umewalipa vijana wakukusanyie maduka 400 ya spea. Ukiyaweka katika faili yako ya pembeni, yakaonekana juu ya barabara za ramani hiyo, orodha inabaki mali yako. Lakini kama ulichukua pia maduka ya spea yaliyomo kwenye ramani, ukayajazia yako hadi ikawa orodha moja, mwongozo wa OpenStreetMap Foundation unahesabu kuwa umechanganya. Mteja aliyenunua nakala kwa shilingi 300,000 anaweza kuidai orodha yote na kumpa mshindani wako, na sheria iko upande wake. Kuifunga faili kwa nywila hakusaidii, maana leseni inakutaka utoe pia nakala isiyofungwa.

Hapa ndipo mwekezaji mdogo anapoingia. Ukishawishiwa kununua hisa katika kampuni inayosema utajiri wake ni "data zetu", omba kuona faili moja moja: ilitoka wapi, kwa leseni gani, na imeunganishwa na nini. Swali hilo mwulize fundi, si mtu wa mauzo. Orodha iliyoandikwa vitabuni kuwa ina thamani ya shilingi milioni 40 haina thamani hiyo kama kila mnunuzi wa nakala ana haki ya kuigawa.

Aidha, usidhani kila faili ya bure ina masharti haya. Zipo zilizotolewa bila sharti lolote, na zipo zenye leseni ya Creative Commons yenye herufi NC. Hizo za NC haziruhusiwi katika biashara, hata ukitaja chanzo kwa herufi kubwa.