Jengo Lilipoanguka Kariakoo



Vijiji vyetu vingi vina watoto waliokwenda Dar es Salaam kutafuta riziki. Wengi wao hufanya kazi Kariakoo. Wengine huuza nguo, wengine huchukua mizigo, wengine hupika chakula. Hata jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wachukuzi wa mizigo wa jeshi la Waingereza, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo msiba ukitokea Kariakoo, kilio husikika mpaka vijijini.

Mambo yaliyotokea

Jumamosi, tarehe 16 Novemba, 2024, asubuhi, jengo la ghorofa nne lilianguka Kariakoo. Wenye maduka na wateja walikuwa ndani. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, vikosi vingine na wananchi walifukua kifusi usiku na mchana, kwa siku kadhaa. Watu zaidi ya 80 waliokolewa wakiwa hai. Watu zaidi ya 20 walikufa. Tarehe 18 Novemba baadhi ya marehemu waliagwa katika viwanja vya Mnazi Mmoja.

Familia inayongoja

Tuchukue mfano wa familia moja ya kijijini. Mtoto wao ni mchukuzi Kariakoo. Wanasikia habari redioni. Wanapiga simu, inaita, haipokelewi. Kesho yake haipatikani kabisa. Mama hajui afanye nini. Akiweka matanga, huenda mtoto yu hai. Asipoweka, majirani watanong'ona. Kungoja namna hii ni kuzito. Msiba una kaburi, lakini kungoja hakuna kaburi.

Familia hii ifanye nini?

1. Itume watu wawili mjini, si mmoja. Mmoja wao awe anajua kusoma na kuandika.

2. Wachukue picha ya mtoto. Waandike kwenye karatasi majina yake yote, umri, nguo alizopenda kuvaa, na alama ya mwilini kama kovu au pengo la jino.

3. Waulize polisi na hospitalini. Katika ajali ile majeruhi walipelekwa Muhimbili, Amana na kwingineko. Waulize pia chumba cha maiti, ingawa moyo unakataa.

4. Kama mwili hautambuliki kwa macho, wakubali kupimwa vinasaba. Mzazi au mtoto hutoa kipimo kidogo, kisha wataalamu hukilinganisha na cha marehemu. Kazi hiyo hufanywa na Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

5. Nyumbani achaguliwe mtu mmoja wa kupokea habari. Aandike kila habari, siku iliyofika na aliyeileta. Hivyo uvumi hautapata nafasi.

Swali la "Kwa nini yeye?"

Tuseme mtoto amepatikana, amekufa. Siku ya mazishi mtu mmoja ananong'ona, "Hapa pana mkono wa mtu." Jioni linatajwa jina la bibi kizee jirani, kwa sababu macho yake ni mekundu.

Ndugu msomaji, fikiri kwanza. Macho ya bibi huyo yameharibiwa na moshi wa kuni wa miaka mingi. Na jengo husimama kwa msingi na nguzo. Ukichimba chini ya msingi, ukikata nguzo, au ukiongeza uzito usiopimwa na mhandisi, jengo litaanguka. Tarehe 29 Machi, 2013, jengo refu lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka pia na kuua watu zaidi ya 30. Waliokufa katika ajali hizi walitoka koo mbalimbali. Bibi wa kijiji kimoja aliwajuaje wote hao?

Afadhali tuulize hivi: Nani alijenga? Nani alikagua? Nani aliruhusu? Baada ya ajali ya 2024, aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, aliunda timu ya kukagua majengo ya Kariakoo. Shauri nalo lilifikishwa mahakamani. Maswali ya namna hii huweza kuokoa watoto wa wengine. Kumwita mtu mchawi hakumwokoi yeyote, na ni kosa kwa Sheria ya Uchawi.

Hata hivyo, mama atabaki na swali lake: kwa nini mwanangu alikuwa pale saa ile? Usimjibu haraka. Kaa naye, mchotee maji, msikilize. Lakini swali lisilo na jibu lisijazwe kwa jina la jirani.

Baada ya mazishi

Kifo kiandikishwe katika muda wa siku 30, ili familia ipate cheti cha kifo kutoka RITA. Mtendaji wa kijiji atawaelekeza. Kisha familia ikae kikao, iandike mapatano, na kumpendekeza msimamizi wa mirathi mbele ya Mahakama ya Mwanzo. Mjane asiachwe nje ya kikao hicho.

Watoto nao waambiwe kweli. Ukimwambia mtoto kuwa baba amesafiri, atakaa mlangoni kila jioni akimngoja. Na wanaume waachwe walie. Machozi si aibu.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Jengo la Kariakoo lilianguka tarehe gani?
2. Kwa nini watumwe watu wawili mjini, na mmoja awe anajua kusoma?
3. Je, kijijini kwetu amewahi kutuhumiwa mtu kwa sababu ya kifo cha ghafla? Alipata madhara gani?
4. Kazi ya kuandika: Andika majina kamili ya ndugu yako aliye mjini, mtaa anaoishi, mahali anapofanya kazi, na namba ya simu ya rafiki yake mmoja. Itunze karatasi hiyo nyumbani.