Kumtambua Chozi wa Mlima Kenya: Sifa Bainifu na Suala la Jina

Utangulizi

Ndege wadogo wavumao wa misitu ya mawingu ya Amerika hawapatikani Afrika. Huku, kazi yao hufanywa na chozi, ndege wa familia ya Nectariniidae, ambao nao hunyonya mbochi wa maua. Kufanana kwao hakutokani na undugu bali na chakula. Yule wa Amerika hula akielea hewani. Chozi kwa kawaida hutua kwanza.

Kisarufi, ndege huyu hufuata upatanisho wa viumbe hai: chozi huyu, chozi hawa. Chozi la jicho ni hili, na wingi wake ni machozi. Hata hivyo, jina hilo moja hubeba spishi nyingi, na mfasiri anayeandika "chozi" pekee humwacha msomaji gizani.

Sifa bainifu

Msafiri atokaye Sagana, takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, akipanda kupitia Karatina na Nyeri hadi Naro Moru na mlimani, aweza kukutana na madume wanne wenye mikia mirefu.

(a) Nectarinia kilimensis: hupenda bustani. Kivulini huonekana mweusi. Juani hung'aa rangi ya shaba.

(b) Nectarinia tacazze: ni wa kingo za misitu ya juu. Naye huonekana mweusi kwa mbali, lakini mwili wake hung'aa zambarau.

(c) Nectarinia famosa: ni wa kijani king'aavyo, mwenye vishungi vya manjano ubavuni mwa kifua.

(d) Nectarinia johnstoni: ni wa kijani pia, lakini vishungi vyake ni vyekundu. Hupatikana hasa juu ya mita 3,000, kwenye milobelia mikubwa, kama ile ya Bonde la Teleki. Alielezwa kisayansi mwaka 1885, baada ya safari ya Harry Johnston huko Kilimanjaro mwaka 1884.

Ugumu umo kati ya (c) na (d). Mwinuko pekee hautoshi, kwa kuwa makazi yao hukutana. Rangi ya kijani nayo haitoshi, kwa sababu dume nje ya msimu wa kuzaana hupoteza sehemu kubwa ya manyoya hayo. Vishungi ndivyo hutoa uamuzi, ila mara nyingi hufichwa na mabawa yaliyokunjwa. Yafaa kusubiri ndege ayafungue. Jike husaidia pia: jike wa johnstoni ana vishungi vyekundu, ilhali jike wa famosa hana kabisa.

Hitimisho

Jina zuri hubeba sifa isiyopotea. "Chozi wa kijani" haliwatenganishi wawili hawa, wala halimfai jike. "Chozi vishungi-vyekundu" huwafaa dume na jike wa johnstoni. Hivyo, mwundaji wa istilahi hana budi kumtazama ndege kabla ya kufungua kamusi.

Zoezi

1. Eleza kwa nini "chozi mkia-mrefu" si istilahi toshelevu.
2. Pendekeza majina ya Kiswahili ya spishi (a) na (b), ukitetea kila sifa uliyoichagua.