Kabla ya Kubeba Bomba Msimu Huu

Masika yanakatika. Huku Arumeru miche ya nyanya imeshatoka kitaluni, maji ya mfereji yanagawanywa kwa zamu, na maduka ya pembejeo yameanza kujaa watu. Iringa, wenye vinyungu wameshashuka mabondeni na majembe. Kuanzia sasa nyanya, vitunguu na hoho zitaishi kwa maji ya kumwagilia, jua litawaka, na wadudu watazaliana upesi kama ilivyo kila kiangazi. Wiki hadi wiki kuna mtu atakayebeba bomba mgongoni. Safu ya mwezi huu naitoa kwa mtu huyo na kwa watu wa nyumbani kwake. Mbegu na mbolea zitasubiri.

Mwaka 2007 Dkt. Aiwerasia Ngowi na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wakulima wadogo wa mboga wa kaskazini mwa Tanzania. Asilimia 68 ya wakulima walisema wamewahi kujisikia wagonjwa baada ya kupiga dawa katika kazi yao ya kawaida: kizunguzungu, kichwa kuuma, ngozi kuwasha. Miaka saba baadaye, Elikana Lekei na wenzake walichapisha matokeo ya kuwahoji wakulima 121 wa wilaya hii ya Arumeru, na asilimia 93 walisema wamewahi kudhurika na viuatilifu wakati fulani maishani mwao. Hao ndio majirani zetu. Wengi wao hawakuwahi kuhesabiwa na zahanati yoyote, kwa sababu dalili zenyewe zinafanana mno na maradhi tuliyoyazoea. Jioni baada ya kupiga dawa kichwa kinagonga, jasho linatoka, tumbo linanyonga, kichefuchefu kinapanda. Mtu anasema malaria imerudi, anameza dawa mseto bila kupima, analala, na asubuhi anarudi shambani kumalizia matuta yaliyobaki.

Tuelewe kinachotokea mwilini. Dawa nyingi za wadudu tunazopiga kwenye nyanya na vitunguu, kama zile zenye profenofosi, klorpirifosi au dimethoeti, ni za kundi la oganofosfeti. Zinamuua mdudu kwa kukizuia kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva baada ya msuli au tezi kupokea amri. Kimeng'enya hicho sisi pia tunacho. Kikizuiwa, neva zinaamuru mfululizo: mate yanajaa, machozi yanatoka, mboni za macho zinakuwa ndogo kama kichwa cha sindano, misuli inachezacheza, na sumu ikizidi pumzi inakata. Hiyo ni kwa dozi kubwa. Kwa dozi ndogondogo mtu huenda asihisi kitu, lakini kimeng'enya kinaendelea kupungua, na mwili huhitaji wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, kukirudisha kwenye kiwango chake. Anayepiga dawa kila baada ya siku saba hapati nafasi hiyo. Ndivyo mtu anavyofanya kazi mwezi mzima akiwa mzima, kisha siku moja, kwa bomba lilelile na kipimo kilekile, anaanguka shambani na watu wanaanza kuulizana amekula nini.

Sumu hiyo inaingia wapi? Ukiuliza kijijini, wengi watakujibu mdomoni na puani. Kwa hiyo hufunga kitambaa usoni na kunywa maziwa kabla au baada ya kazi. Wapendwa wakulima, maziwa hayaondoi sumu hii. Maziwa yanakaa tumboni, ilhali sumu ya shambani sehemu yake kubwa hupita kwenye ngozi na kuingia moja kwa moja katika damu. Ngozi nayo haifanani mwili mzima. Viganja ni vigumu kidogo kupenya, lakini uso, kichwa, kwapa na hasa kinena hupitisha sumu haraka. Sasa fikiria bomba linalovuja kwenye kifuniko. Maji yanateremka mgongoni, yanalowesha shati, yanashuka kiunoni na kutulia mlemle ambamo ngozi ni laini kuliko kote. Mtu anaendelea na kazi saa tatu, saa nne, shati likiwa limegandamana na mwili. Shati hilo lililolowa linamdhuru kuliko harufu anayoikwepa kwa kitambaa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya msimu ni kulikagua bomba. Lijaze maji matupu, libebe, lipampu, tembea nalo kidogo, kisha jipapase mgongoni. Kama kuna unyevu, badilisha raba za kifuniko na za mpini. Ni vitu vya bei ndogo na vinapatikana dukani. Nozeli ikiziba katikati ya kazi, izibue kwa maji na mswaki wa zamani au kijiti laini, kamwe usiipulize kwa mdomo. Nimeona vijana wenye akili zao timamu wakifanya hivyo, kwa haraka tu ya kumaliza.

Saa ya hatari kuliko zote, hata hivyo, ni ile ya kupima na kuchanganya, kabla hujaingia shambani. Hesabu yake ni rahisi. Mililita 20 katika bomba la lita 20 ni sehemu 1 kwa 1,000. Maana yake tone moja la dawa ghafi likikudondokea mkononi lina sumu sawa na matone 1,000 ya mchanganyiko ulio ndani ya bomba. Na kama chupa imeandikwa herufi EC, dawa hiyo imeyeyushwa katika kimiminika chenye mafuta, ambacho ngozi inakipokea upesi zaidi. Bado tunapima kwa kifuniko cha chupa, tunakoroga kwa mkono, tunashika kitako cha chupa kilicholowa na baadaye tunajifuta jasho usoni kwa mkono huohuo. Ukiwa na fedha ya kununua kifaa kimoja tu msimu huu, nunua glovu za mpira mzito zinazofika karibu na kiwiko, uzivae wakati wa kupima. Weka kikombe cha vipimo kisichofanya kazi nyingine yoyote, na fimbo ya kukorogea. Dumu la maji safi na sabuni viwe hapo hapo, visiachwe nyumbani.

Najua mnachosema mabwana shamba wakihubiri ovaroli, gambuti, miwani na barakoa: saa sita ya mchana kwenye joto la Mang'ola, nani atavaa hayo yote bila kuzirai? Hoja hiyo ni ya haki. Hata Kanuni za Kimataifa za Usimamizi wa Viuatilifu za FAO na WHO, zilizopitishwa mwaka 2013, zinakiri jambo hilo. Zinasema dawa inayohitaji vifaa vya kujikinga vinavyosumbua kuvaliwa, vya gharama kubwa au visivyopatikana kwa urahisi, iepukwe, hasa inapokuwa mikononi mwa wakulima wadogo wa nchi za joto. Kwa maneno mengine, kinga inaanzia dukani, katika dawa unayoichagua. Hili ndilo ningependa mlishike kuliko yote ninayoyaandika leo.

Mstari wa rangi ulio chini ya lebo unakusaidia. Nyekundu ni sumu kali sana, njano ni kali, buluu ni ya hatari ndogo, kijani ni ya chini kabisa. Ukiingia dukani, mweleze muuzaji mdudu uliyemwona, kisha uliza: kuna ya buluu au ya kijani inayomuua huyo? Nyekundu iache kwenye rafu. Njano itumie pale tu hakuna njia nyingine, na hapo ndipo glovu, gambuti na mikono mirefu si hiari tena. Ila rangi inakueleza ukali wa siku ile ile tu. Mankozebu, unga wa ukungu tunaoupiga karibu kila shamba la nyanya, ni wa kijani, lakini Umoja wa Ulaya mwaka 2020 uliamua kuuondoa sokoni kwake kwa sababu ya madhara yake kwenye uzazi. Klorpirifosi nayo Ulaya waliikataa mwaka huohuo wa 2020 wakihofia ubongo wa watoto, na mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm zikaiweka katika orodha ya kemikali za kuondolewa duniani. Mama mjamzito asipime, asipige, wala asifue nguo za aliyepiga. Kama nyumba haina mtu mwingine wa kufua, basi aliyepiga dawa afue zake mwenyewe, peke yake, kwenye beseni lisilotumika kwa nguo za watoto.

Lebo iwe imebandikwa imara, iwe ya Kiswahili, na iwe na namba ya usajili. Anayesajili ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, iliyorithi kazi za taasisi ya zamani ya utafiti wa viuatilifu, TPRI ya Ngaramtoni, kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya soda au ya maji usiipokee hata ukipunguziwa bei. Haina jina, haina kipimo, na siku moja mtoto mwenye kiu ataikuta uvunguni mwa kitanda.

Upigaji wenyewe tunaweza kuupunguza, na hapa nina maneno mengi kidogo, kwa sababu kila bomba ambalo hukulibeba ni sumu ambayo haikukugusa.

Kantangaze, nondo anayeshambulia nyanya, alionekana kwanza nchini hapa Arumeru mwaka 2014, na tangu hapo mashamba mengi yamegeuzwa ya kupiga dawa kila baada ya siku tatu nne. Funza wake anajificha ndani ya jani na ndani ya tunda, ambamo dawa nyingi hazimfikii, na wale wachache wanaopona wanazaa kizazi kisichosikia dawa. Kupiga zaidi kunatukuzia wadudu sugu. Weka mitego ya harufu mapema, wiki ileile ya kupandikiza, juu ya beseni la maji na sabuni. Dume anakuja akidhani ni jike, anazama. Mitego itakuonyesha lini wameanza kuingia, ili usipige kwa kubahatisha. Chuma majani yenye michirizi na matunda yaliyotobolewa, uyafukie chini sana au uyafunge ndani ya mfuko wa plastiki juani. Ukiyatupa pembeni mwa shamba umewahamisha tu. Usirudishe nyanya palipotoka nyanya, viazi mviringo, bilinganya au nyanya chungu, panda mahindi au maharage. Ukilazimika kupiga, anza na dawa za bakteria aina ya Bt au za mwarobaini wakati funza bado wadogo.

Halafu kuna dawa zinazopigwa bure kabisa. Nyanya ikinyauka ghafla ingali kijani, kata shina karibu na udongo, tumbukiza kipande chake katika glasi ya maji safi, usubiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama moshi unateremka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria, na hakuna kitu cha kupiga kwa bomba kitakachouponya. Ng'oa, ondoa shambani, usiruhusu maji ya tuta hilo yatiririkie jingine. Kuna mtu atakayetumia laki nzima kwa mchanganyiko wa dawa nne juu ya shina ambalo limeshakufa.

Michanganyiko hiyo yenyewe inanitia hofu. Utafiti wa Dkt. Ngowi ulikuta theluthi moja ya wakulima wanachanganya dawa, bila maelekezo yoyote ya lebo wala ya ugani. Mara nyingi chupa mbili zenye majina tofauti ya biashara zina kemikali ileile ndani, na mkulima anajikuta ameongeza dozi mara mbili akidhani ameongeza nguvu. Kabla ya kuchanganya, soma maandishi madogo yanayotaja kemikali iliyomo. Yakifanana, rudisha chupa moja.

Kwenu wenye mashamba makubwa kidogo mnaowaita vijana wa kupiga dawa kwa malipo ya bomba: kijana huyo leo yuko kwako, kesho kwa jirani, kesho kutwa kwa mwingine. Yeye ndiye anayebeba sumu ya kijiji kizima, na mara nyingi hana glovu wala hajui jina la alichopiga. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake. Mpe glovu, gambuti na sabuni, muonyeshe lebo, aanze alfajiri na aache jua likipanda au upepo ukianza. Aliye chini ya miaka 18 usimpe bomba. Waambie pia akina mama wanaokuja kuchuma ni lini shamba lilipigwa, maana majani yaliyolowa dawa yanawagusa mikononi na usoni kuliko yalivyomgusa mpigaji.

Bomba lisioshwe mferejini. Wa chini yako wanachota maji hayohayo. Maji ya kuosha yamwage juu ya matuta yaliyopigwa tayari. Chupa tupu isuuze mara tatu, maji ya kusuuzia uyatie ndani ya bomba, kisha itoboe isije ikawekwa mafuta ya taa au maziwa.

Mtu akidhurika, mtoe shambani, mvue nguo zote zilizolowa, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, nywele na kucha pia, ukiwa umevaa glovu. Jichoni, maji safi yatiririke angalau dakika 15. Aliyemeza usimtapishe na usimnyweshe maziwa wala mafuta. Aliyepoteza fahamu mlaze ubavu. Mpeleke kituo cha afya pamoja na chupa au lebo yake, umweleze mganga wazi kwamba alikuwa akipiga dawa na ni dawa gani, kwa sababu oganofosfeti zina tiba, atropini, na inafanya kazi ikiwahi. Kipimo cha malaria kikitoka hasi, usikubali kurudishwa nyumbani bila jambo hilo kusikilizwa. Na aliyemeza parakwati, ile dawa ya magugu, hata kama ni funda moja, hata kama anatembea na kuzungumza na kusema hajambo, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Haina tiba ya kuizima, na mapafu huanza kuharibika siku kadhaa baada ya yeye kujiona amepona.