Maumivu Sugu ya Shingo: Mazoezi ya Nyumbani kwa Kaya za Nyamisati

Mkazi wa Nyamisati anajua mizigo inavyopita mwilini. Abiria wa Mafia akifika gatini, begi lake linapanda begani kwa mpagazi. Gunia la mpunga linapita kichwani. Ndoo ya lita 20 inatoka kisimani hadi jikoni juu ya ngata, na hizo ni kilo 20 za maji. Chini ya yote hayo kuna pingili 7 za shingo, ambazo hata bila mzigo hubeba kichwa cha kilo 4 hadi 5.

Lakini mzigo si mkosaji pekee. Mtazame mama anayesuka ukili. Amekaa jamvini, miguu ameinyoosha, kidevu kimekaribia kifua, macho hayatoki vidoleni. Saa mbili zinapita hajainua uso. Kichwa kilichoinama hivyo hakiketi tena juu ya pingili. Kinaning'inia mbele, na misuli ya nyuma ya shingo inakizuia muda wote, kama kamba ya nanga maji yanapokupwa. Ndivyo ilivyo pia kwa anayepalilia mpunga, anayepara samaki, na kijana asiyeachana na simu.

Maumivu yakizidi miezi 3 huitwa sugu. Hapo wengi huogopa kuigeuza shingo. Mtu akiitwa, anageuka mwili mzima. Tuelewane hapa, ndugu zangu: shingo kuuma kwa muda mrefu si lazima iwe inaharibika kila unapoisogeza. Isiposogezwa hukakamaa, misuli hupungua nguvu, na ndoo ya jana leo inakuwa nzito zaidi. Kuchuliwa kwa mafuta ya nazi kunatuliza, na kitambaa cha maji moto vilevile, ila msuli hupata nguvu kwa kufanyishwa kazi.

Asubuhi, juu ya kigoda

Kaa wima. Rudisha kidevu nyuma, kama mtu aliyesogezewa kitu karibu mno na uso, bila kuinama wala kutazama juu. Hesabu hadi 5, achia. Fanya mara 10. Kisha geuza uso polepole kulia mpaka shingo ivutike, halafu kushoto. Mwisho weka kiganja kwenye paji, sukuma kichwa taratibu, kiganja kikizuie kisisogee, huku ukihesabu hadi 5. Rudia ubavuni kulia, kushoto na kisogoni.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote halina gharama. Chukua mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa, ukate uwe kamba, uzungushe kwenye mnazi au nguzo usawa wa kifua. Shika ncha mbili, vuta viwiko nyuma mpaka makombe ya mabega yakaribiane, kisha rudisha polepole. Mara 10, pumzika, rudia. Siku 3 kwa wiki zinatosha. Mabega yenye nguvu huipunguzia shingo kazi.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yasikutishe, mradi yapoe kufikia kesho yake. Yakikesha nawe, punguza, usiache. Nafuu ya kweli huchukua wiki 6 hadi 12, na wengi hukata tamaa wiki ya pili.

Msukaji, kila ukimaliza pima moja ya ukili, inuka, urudishe kidevu mara chache. Mchota maji, ukiweza gawa: lita 10 mkono huu, lita 10 mkono ule, au uende safari mbili. Na kinyozi akimaliza kunyoa asikunyonge shingo. Humo hupita mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo.

Usingoje kesho

Nenda kituo cha afya mara moja ikiwa maumivu yalianza baada ya kuanguka mnazini au ajali ya bodaboda. Mikono au miguu imelegea au imekufa ganzi. Haja inatoka bila kujizuia. Au una homa na shingo imekakamaa. Kukonda na kutokwa jasho usiku pia kuchunguzwe, kwa sababu kifua kikuu huingia hata kwenye pingili.

Hospitali ya rufaa ya mkoa wetu wa Pwani ni Tumbi, Kibaha. Ya mifupa ni MOI, Muhimbili. Ukipewa rufaa, ulizia mtaalamu wa fiziotherapia, na ukimpata mwonyeshe kwa vitendo unavyokaa kusuka na unavyojitwika ndoo.