Kuhamisha Simu ya Mama Bila Kuchoma Bando

Chanzo ni mtungi wa maji. Mama alikuwa akipanda ngazi za ploti yetu hapa Mlango Kubwa, mtungi mkono huu, simu mkono ule, akateleza. Kati ya viwili hivyo aliona heri simu ianguke. "Maji nimeyanunua leo," alinieleza. Simu haikufa, ila theluthi ya chini ya skrini iliacha kabisa kusikia kidole.

Ndani mlikuwa na picha za kila ukurasa wa daftari la chama chao, maana yeye ndiye katibu, pamoja na rekodi za mazoezi ya kwaya. Nilipomletea simu nyingine, ya mkono wa pili kutoka Luthuli, alinikabidhi zote mbili. "Nihamishie vyote. Usinichagulie."

Nilianza na uvivu, yaani WhatsApp. Kitufe cha kutuma kilikuwa kwenye ile sehemu iliyokufa, kwa hiyo niliilaza simu kiubavu, upande mbovu ukae kushoto, kitufe kikahamia kulia penye uhai. Hila hiyo ikumbuke, itakufaa siku skrini yako ikipasuka. Nikatuma picha zote za daftari, bando likakatika katikati, nikanunua jingine. Mama akavaa miwani, akavuta ukurasa wa Machi kwa vidole viwili.

"Hii ni 6 au ni 8?"

Sikujua. WhatsApp hubana picha ili ziwe nyepesi, na katika kubana huko penseli ya katibu ilikuwa imegeuka moshi. Ukilazimika kupitia huko, tuma picha kama dokyumenti, ndipo faili itakapofika ilivyo. Lakini bado utalipa data mara mbili, kupandisha na kushusha, ilhali simu zenyewe zimelala juu ya stuli moja.

Bluetooth je? Tukiwa sekondari nyimbo zote tulipeana kwa njia hiyo, simu zimebanwa ubavu kwa ubavu kana kwamba zinanong'onezana. Inafaa kwa namba za watu, kwa wimbo mmoja, na ukiwa na kabambe, ile simu ya vitufe, huenda ndiyo njia pekee. Sinema ya MB 700 itakula karibu saa nzima, kama haitakatika njiani.

Kilichonitoa ni Quick Share, ambayo iko tayari kwenye simu nyingi za Android. Mpaka mwanzoni mwa 2024 ilikuwa ikiitwa Nearby Share. Simu hutafutana kwa Bluetooth, kisha mzigo mzito hupita kwa Wi-Fi kutoka simu moja hadi nyingine. Watu huniambia, "Lakini sisi hatuna Wi-Fi." Huhitaji ya mtu. Mawimbi ni ya simu zenyewe, intaneti haihusiki, na bando halipungui hata shilingi.

Washa Bluetooth, Wi-Fi na huduma ya mahali kwenye simu zote mbili, uzime kiokoa betri, na skrini zisilale. Simu inayopokea iruhusu ionekane na kila mtu, ila kwa muda tu. Kwenye ploti kama yetu, kuta ni nyembamba: orodha iliponifungukia niliona simu tatu za majirani, mojawapo ikijiita Simba wa Kosovo. Soma jina mara mbili kabla ya kubonyeza, la sivyo hesabu za chama zitaenda kulala kwa Simba.

Kuna wanaoapa kwa Xender na SHAREit. Mimi niliziondoa. Matangazo yamezidi, na Februari 2021 watafiti wa Trend Micro walitangaza mianya ya usalama ndani ya SHAREit. Wenye programu walisema wameiziba, lakini mkono wangu ulishakuwa mzito. Kama mmoja ana iPhone na mwingine Android, jaribu LocalSend: mmoja awashe hotspot, mwingine ajiunge, hata kama data imezimwa.

Sasa, kwenye simu ya Mama, ukurasa mmoja wa mipangilio ulikataa kulala kiubavu. Nikaazima kipanya cha kompyuta kwenye saiba ya Juja Road, nikakiunganisha kwenye tundu la chaja kwa kiwaya kifupi kiitwacho OTG. Mshale ukatokea kwenye skrini iliyopasuka, ukashuka mpaka palipokufa, ukabonyeza bila shida. Mama alicheka sana. Lakini chaji simu kwanza, kwa sababu kipanya kitakuwa kimekalia tundu la chaja.

Memori kadi ni rahisi zaidi: chomoa huku, chomeka kule. Isipokuwa kadi iliyounganishwa kama hifadhi ya ndani ya simu. Hiyo imefungwa kwa simu ile ile, na ukiichomeka kwingine itaomba ifutwe. Ukikubali, umelia.

Mazungumzo ya WhatsApp yana njia yake tangu 2023: kwenye mipangilio ya mazungumzo ya simu kuukuu anzisha uhamisho, sajili namba ile ile kwenye simu mpya, halafu simu kuukuu isome msimbo wa QR utakaotokea. Ilipoanza ilikuwa kati ya Android na Android, au iPhone na iPhone. Majina ya watu nayo yatoe yote kama faili moja ya vcf. Usitegemee yale ya kwenye laini, kwa sababu mengi huwa yamekaa kwenye simu. M-Pesa isikutie wasiwasi, yenyewe hufuata laini.

Simu kuukuu sikuifuta. Ilikaa kabatini wiki mbili huku Mama akikagua, rekodi moja baada ya nyingine, akiimba sauti ya pili pamoja nazo. Siku ya daftari alivaa tena miwani, akafungua Machi, akavuta kwa vidole.

"Ni 8," alisema, akavua miwani, akampigia mweka hazina.