Mbinu za Kuwalinda Kalunguyeye na Wanyama Wengine Wanaolala Majira ya Baridi

Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tumelelewa tukijua kwamba uwanja uliofagiwa ni heshima ya nyumba. Tukihamia Uingereza, tabia hiyo tunahamia nayo. Ikifika Oktoba majani yakaanza kupukutika, tunayakusanya yote na kuyatia kwenye mifuko ya taka, mpaka bustani haina hata jani moja. Lakini majani hayo ndiyo matandiko ya kalunguyeye, na chini ya magogo na vichaka tunavyoviondoa ndipo chura na wadudu wengi wanapojificha hadi Machi. Ukiwa na bustani, hata ndogo, unaweza kuwaokoa wanyama hawa kwa gharama ndogo sana. Linalotakiwa ni kujua la kufanya, na wakati wa kulifanya.

Jua kwanza usingizi huu ni wa namna gani

Usingizi wa majira ya baridi si sawa na usingizi wetu wa usiku. Kalunguyeye aliye macho ana joto la mwili la nyuzi 35 hivi, na moyo wake hupiga karibu mara 190 kwa dakika. Akishalala, joto hushuka hadi nyuzi 10 au chini zaidi, na moyo hupiga mara 20 hivi tu. Dakika kadhaa zinaweza kupita bila kuvuta pumzi. Chakula chake ni mende, viwavi na minyoo, na baridi ikiingia wadudu hao hawapatikani. Basi hujikunja na kuishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini tangu kiangazi.

Mafuta hayo ndiyo kiini cha jambo zima. Mnyama akishtuliwa usingizini, mwili lazima uwake upya kutoka nyuzi 10 hadi 35, na kazi hiyo hula sehemu kubwa ya akiba. Kalunguyeye huamka mara chache kwa hiari yake, hata kuhamia kiota kingine, na akiba yake hutosha kwa hilo. Lakini haitoshi kwa usumbufu wa ziada. Tumeliona hilo kwa popo wa Marekani: mwaka 2006, katika jimbo la New York, iligunduliwa kuvu nyeupe inayoota puani na kwenye mbawa za popo waliolala mapangoni. Kuvu hiyo huwaamsha mara kwa mara, mafuta yakaisha kabla ya wadudu kurudi, na popo wamekufa kwa mamilioni. Kwa hiyo fanya kazi yote kabla ya baridi, na baridi ikiingia usiwaguse.

Septemba na Oktoba: andaa mahali na chakula

*Acha kona moja ya bustani.* Chagua pembe yenye kivuli, isiyopigwa na upepo wa kaskazini wala wa mashariki. Panga magogo na matawi, kisha rundika majani makavu juu yake. Kalunguyeye hubeba majani kwa mdomo, fungu baada ya fungu, akayalundika chini ya matawi. Halafu huingia katikati ya lundo na kujizungushazungusha mpaka majani yalale bapa, moja juu ya jingine, yakiwa ukuta unaoweza kufikia unene wa sentimita 10. Ukuta huo huzuia mvua na hulinda joto lisipande na kushuka ovyo. Bila matawi ya kuyashikilia, majani hupeperushwa na upepo na ukuta haujengeki.

*Ukipenda, mjengee nyumba.* Sanduku la mbao zisizopakwa dawa, lenye nafasi ya sentimita 30 kwa 40 ndani, linatosha. Mlango uwe wa sentimita 13 kwa 13, na mbele yake uweke kinjia chembamba ili paka na mbweha wasiingize mkono. Tia majani makavu kiasi, mengine uyaache karibu na mlango aingize mwenyewe. Funika paa kwa karatasi ya plastiki, kisha udongo na matawi. Ikishafika Novemba usilifungue, hata kwa kuchungulia, mpaka Aprili.

*Toboa uzio.* Kalunguyeye mmoja hutembea kilomita moja hadi mbili kwa usiku akitafuta chakula, na bustani moja haimtoshi. Tundu la sentimita 13 kwa 13 chini ya uzio humpitisha yeye, lakini mbwa wengi hawapiti.

*Mlishe kabla hajalala.* Mwekee chakula cha paka au cha mbwa chenye nyama, pamoja na maji safi kwenye sahani ya kina kifupi. Usimpe maziwa, maana tumbo lake haliyawezi na humharisha, na kuharisha kunaweza kumuua. Mkate nao haumfai. Akiba haiozi, na kila gramu anayoongeza Oktoba ataihitaji Februari.

*Safisha bwawa.* Chura wengine, hasa madume, hulala chini ya maji wakipumua kupitia ngozi. Majani yakiozea bwawani hutumia oksijeni na kutoa gesi inayowadhuru. Yaondoe kwa wavu kabla ya baridi.

Tarehe 5 Novemba: tazama kabla ya kuwasha

Usiku huo Waingereza huwasha mioto mikubwa nje, na watoto wetu nao huupenda. Tatizo ni kwamba lundo la kuni lililokaa bustanini wiki nzima ni mahali ambapo kalunguyeye angepachagua kwa kiota. Usichome lundo lililokaa. Siku yenyewe, hamisha kuni zote, mti mmoja mmoja, uzipange upya mahali pengine kwenye ardhi tupu. Kisha washa upande mmoja tu, ili kama kuna aliyebaki ndani apate njia ya kutokea upande wa pili.

Desemba hadi Februari: usisumbue, ila ujue dalili za hatari

*Kalunguyeye anayeonekana mchana.* Aliyelala salama huwa amejikunja mviringo ndani ya kiota, huyo muache. Aliyejilaza uwanjani mchana au anayeyumba akitembea yumo hatarini. Vaa glavu nene, mtie kwenye boksi refu lenye taulo. Jaza chupa maji ya moto, izungushie taulo nyingine, uiweke kando yake, na umwachie nafasi ya kusogea mbali nayo. Mpashe joto kwanza, ndipo umpe chakula na maji. Mpime kwa mizani ya jikoni: mdogo wa chini ya gramu 450 hivi mwishoni mwa majira ya mpukutiko hana akiba ya kumfikisha Machi. Kisha pigia kituo cha kuokoa wanyama pori kilicho karibu, au British Hedgehog Preservation Society wakuelekeze.

*Barafu bwawani.* Usiivunje kwa nyundo wala jiwe, maana mshindo hupita majini na kuwaumiza walio chini. Weka sufuria ya maji ya moto juu ya barafu mpaka iyeyushe tundu, gesi ipate pa kutokea.

*Kipepeo ndani ya nyumba.* Kuna vipepeo wa Ulaya, akiwemo yule mwekundu mwenye madoa kama macho, wanaoingia ndani mwishoni mwa kiangazi wakidhani wamepata pango. Ukiwasha hita, huamka na kugongagonga kioo cha dirisha huku nje hakuna ua hata moja. Mweke ndani ya boksi la karatasi mahali pa baridi kwa nusu saa atulie, kisha mpeleke banda la bustani au gereji isiyo na joto. Hakikisha pana upenyo wa kutokea majira ya kuchipua.

*Popo darini.* Usimshike kwa mikono mitupu, kwani baadhi yao hubeba virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Nchini Uingereza popo wote wanalindwa na sheria, na makazi yao pia, hata wakati hawamo. Kabla ya kutengeneza paa au kuziba tundu la dari, uliza Bat Conservation Trust.

Unaowafuga nyumbani: si wote wa kulazwa

Kobe wengi wanaotoka nchi za Mediterania hulala majira ya baridi, na wafugaji wengi huwalaza kwenye friji iliyotengwa kwa kazi hiyo. Joto likae karibu nyuzi 5. Likishuka chini ya sifuri linaweza kumpofusha au kumuua. Likipita 10 ataamka. Mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo, kisha acha kumlisha wiki kadhaa kabla, kwa sababu chakula kinachobaki tumboni kitaoza humo. Fungua mlango wa friji mara kwa mara apate hewa, na mpime uzito: akipoteza asilimia 10, mwamshe.

Kobe mkubwa wa mbuga za Afrika Mashariki, mwenye gamba la madoa, halali majira ya baridi. Kumtia kwenye friji ni kumuua. Vivyo hivyo kalunguyeye mdogo wa Kiafrika, jamii inayopatikana pia Kenya na Tanzania, ambaye siku hizi hufugwa majumbani Ulaya na Marekani. Akipatwa na baridi chini ya nyuzi 18 hivi hujaribu kulala, ilhali usingizi huo kwake ni hatari. Ukimkuta amepoa na kulegea, mkumbatie kifuani apate joto taratibu na umwite daktari siku hiyo hiyo.

Machi na Aprili: waamkapo

Kalunguyeye huamka amekonda na mwenye kiu, hivyo maji na chakula virudi mahali pake. Malkia wa nyuki wale wanene wenye manyoya naye hutoka ardhini. Vibarua wote wa kundi lake walikufa kabla ya baridi. Yeye peke yake ndiye atakayeanzisha kundi jipya. Ukimkuta chini hawezi kuruka, mwekee tone la maji ya sukari, vijiko viwili vya sukari nyeupe kwa kijiko kimoja cha maji, na umwache anywe. Usimpe asali, inaweza kumwambukiza magonjwa.

Mwaka 2020 kalunguyeye aliingizwa kwenye orodha ya wanyama wa Uingereza walio hatarini kutoweka. Kona moja ya majani na tundu moja la uzio vimo ndani ya uwezo wa kila mwenye bustani. Anza Oktoba hii, na mweleze jirani yako, kwa maana tundu la upande mmoja halimfikishi kalunguyeye popote.